Mlinzi Asiye na Ukuta

"Umeosha mno," alisema Dokta Gaudensia Ndunguru, jicho lake bado likiwa kwenye hadubini. "Spiriti umeimwaga kama mtu anayeosha mtaro."

Osmunda Kapinga, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alisimama kando yake mikono nyuma, koti jeupe la kuazima likimpwaya mabegani. Wenzake wa meza ya jirani walicheka chinichini. Nje, mvua ya Songea ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi na wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Msicheke, maana kesho ni nyinyi," Gaudensia aliwageukia. "Nani ataniambia spiriti inafanya kazi gani?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndivyo walivyo, ukiwauliza wote kwa pamoja, kila mmoja anagundua kwamba viatu vyake vina jambo la kutazamwa.

"Haya. Rangi ya urujuani inaingia kwa kila bakteria, haichagui. Iodini inaikaza. Spiriti ndiyo inayotenganisha. Mwenye ukuta mnene anaing'ang'ania rangi yake, anabaki zambarau. Mwenye ukuta mwembamba, aliyevaa koti la mafuta juu yake, spiriti inaliyeyusha lile koti, rangi inavuja, halafu tunampaka nyekundu ili tuweze kumwona. Ukiiacha spiriti ikae mno, hata yule wa ukuta mnene ataachia. Sasa mwenzenu ametuletea togwa, uji uliochachuliwa. Bakteria wa togwa ni wa zambarau, wanajulikana. Kwake yeye wekundu wamejaa tele. Wametoka wapi kama si kuosha mno?"

"Nimerudia, Mwalimu," Osmunda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Nimepaka vioo vitatu, vyote viko hivyo. Na maziwa ya mwenzetu Xaveri nimeyapaka mimi kwa spiriti ileile, yametoka sawasawa."

Gaudensia alitaka kumkatiza, akajizuia. Alikuwa na desturi yake, na chuo kizima kiliijua: siku ya somo la kupaka rangi, kila mwanafunzi alete kitu kinacholiwa kwao. Hakuwataka bakteria wa kwenye kopo. Alitaka mtoto wa watu aone kwamba anakula na viumbe, analala na viumbe, na hajafa. Ameshaletewa maziwa mgando, ameletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ameletewa dagaa walioanza kunuka, na mwaka mmoja kijana alileta soksi, akatolewa nje. Osmunda alikuwa ametoka msibani kwao Umatengo, akaja na togwa kwenye chupa ya maji.

Akainama tena. Fito za zambarau, ndio bakteria wenyewe wa togwa, zilikuwepo, zimejipanga mikufu kwa mikufu kama inavyotakiwa. Katikati yake ndipo walipokaa wale wekundu, na safari hii Gaudensia aliacha kutazama rangi, akatazama umbo. Hawakuwa na umbo. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mwingine kama tonge lililominywa. Bakteria aliyeoshwa mno hubadilika rangi tu, haachi kuwa fito akawa tonge. Umbo lake linatunzwa na ukuta.

Akanyanyua kichwa taratibu, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu.

"Kakae," alimwambia Osmunda. "Wakitoka wenzako, wewe baki."

*

Darasa lilipotawanyika, Gaudensia alichukua kioo kipya, akadondosha togwa, akafunika juu kwa kile kioo kidogo chembamba. Hakuchoma moto, hakupaka rangi.

"Kupaka kunaua," alisema. "Hawa tuwatazame wakiwa hai. Tazama wewe kwanza."

Osmunda akainama. "Naona fito. Na... mapovu. Laini. Yanajipenyeza katikati ya fito."

"Usitoe jicho. Natia maji safi pembeni."

Alidondosha tone moja ukingoni mwa kile kioo kidogo, nalo likavutwa ndani. Muda ukapita kidogo. Halafu Osmunda akashika ukingo wa meza.

"Yanavimba, Mwalimu. Yanavimba, yana... ah! Moja limepasuka. Lile nalo. Yote yanapasuka!"

"Na fito?"

"Fito zipo vilevile."

"Kwa nini?"

Binti akainua uso. Alikuwa na macho ya mtu anayetafuta jibu kwa kuogopa, kumbe analo. "Maji yanaingia kwa wote. Fito zina ukuta, ukuta unayazuia. Haya mengine yana utando mtupu. Hayana ukuta."

"Bakteria gani unayemjua hana ukuta?"

Gaudensia akaona jinsi uso wa Osmunda unavyobadilika.

"Mlinzi," akanong'ona.

Watu wa rika la Osmunda hawakuwahi kuona kidonge kikitibu tumbo la damu, ule ugonjwa wa kuhara damu. Walipozaliwa, bakteria walishazizoea dawa zote, na wazazi walikuwa wamezika watoto mpaka machozi yakawakauka. Ndipo Mlinzi akatengenezwa: bakteria wa kukaa tumboni na kuwala wale wa tumbo la damu. Kliniki zikamdondosha kinywani mwa kila mtu nchini, mzee na mtoto mchanga, vifo vikakoma. Na kwa kuwa watu waliogopa kiumbe wa kutengenezwa asije akatoroka, aliumbwa bila ukuta. Tumboni mna chumvi za kutosha, maji hayamvamii, anaishi. Asidi alishafundishwa kuivumilia, apite kifukoni mwa tumbo salama. Lakini akitoka nje akakutana na maji matupu, yanamwingia mpaka anapasuka. Waliomtengeneza waliiita njia hiyo kufuli lisilohitaji ufunguo. Gaudensia alikuwemo kwenye jopo lililomkagua. Walimjaribu kwenye maji ya mto, ya kisima, ya mvua, kwenye matope na kwenye mtaro wa choo, na kote alikufa, wakapeana mikono.

Togwa hakuna aliyeifikiria. Nani angeifikiria? Jopo lilikaa hotelini likinywa chai, na Mmatengo pekee aliyekuwemo, aliyelelewa kwa togwa tangu hajaota meno, alikuwa ndiye huyo huyo Gaudensia.

"Matone ya kliniki ni machungu," Osmunda alieleza, akikwangua kucha. "Watoto wanatema. Manesi wakasema tuyachanganye kwenye kitu kitamu. Sasa kwetu kitu kitamu ni nini, Mwalimu?"

"Togwa. Na kinachobaki kikombeni?"

"Kinarudi mtungini. Togwa haimwagwi."

"Na mtungi ukikaribia kuisha?"

"Inabakizwa kidogo ya kuchachulia nyingine." Osmunda alisema hayo kwa unyonge, kama anayekiri kosa la ukoo mzima. "Na kwenye msiba kila nyumba inachotewa kata moja ya togwa ya marehemu, ikachachulie ya kwao. Ni heshima."

Gaudensia alijua. Alijua kila neno kabla halijasemwa. Kimea cha ulezi huugeuza wanga wa uji kuwa sukari, na sukari hiyo huyakamata maji yasimvamie Mlinzi, sawasawa na chumvi za tumboni. Mtungi wa togwa ni tumbo jingine, tena tumbo lisilokufa, linalogawanywa kutoka nyumba hadi nyumba. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Na yeye ni daktari wa falsafa, jamani.

"Lakini si ni dawa?" Osmunda aliuliza. "Kama yumo kwenye togwa, si ndiyo watu wanakingwa zaidi?"

"Aliyetoka kliniki ni dawa. Huyu amezurura nje miaka na miaka. Hatujui amekutana na nani."

*

Mashine ya kusoma DNA ilitoa jibu kesho yake mchana. Gaudensia alilisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Ndani ya Mlinzi wa togwa kulikuwa na pete ndogo ya DNA isiyokuwa yake. Bakteria huwa nazo pete hizo, hupeana kama majirani wanavyopeana moto wa jikoni, na asiye na ukuta huzipokea kirahisi kuliko wote, maana hana mlango wa kufunga. Pete hii Mlinzi aliipata kwa maadui zake aliokuwa akiwala. Ilikuwa na maagizo ya kutengeneza sumu ileile ya tumbo la damu. Ilikuwa imelala bado. Katika bakteria maelfu, mmoja mmoja alikuwa ameanza kuiamsha.

"Itaamka yote?" Osmunda aliuliza. Alikuwa ameingia bila kubisha hodi na kulisoma jibu begani kwa mwalimu wake, mvua ikimdondoka nyweleni.

"Itaamka. Mwaka huu au ujao, sijui. Watoto ndio watakaotangulia, maana sumu hiyo hushambulia figo, na figo zao ni laini."

"Basi tuwaambie Mamlaka."

Gaudensia akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. Mamlaka ya Viumbe Tiba ilikuwa na sheria moja kwa Mlinzi aliyetoroka, na jopo lake ndilo lililoipitisha: eneo lifungwe, kila mtu anyweshwe kipasuo. Kipasuo ni kirusi anayewala akina Mlinzi tu, na anawala kwa pupa, tumbo zima likaisha kwa siku moja.

"Unakumbuka lile koti la mafuta nililowaeleza?" alimuuliza binti. "Mlinzi tulimwondolea ukuta, koti tukamwachia. Lile koti lenyewe ni sumu. Akiwa mzima, sumu imeshikamana naye. Akipasuka, inamwagika. Wakipasuka wachache, mwili hausikii. Wakipasuka wote kwa mkupuo, damu inachafuka, presha inaporomoka. Tarafa moja kule ziwani ilishanyweshwa. Nilikuwepo. Vijana walitetemeka siku moja, kesho yake wakaomba ugali. Wazee hawakuomba kitu tena. Tuliwabeba kwa matrekta, Osmunda. Na wale walikuwa na Mlinzi wa kliniki tu, tone moja la maisha. Watu wetu wanamnywa kila siku."

Osmunda akakaa kwenye stuli bila kuambiwa.

"Kuna njia nyingine," Gaudensia aliendelea, na sauti ikampungua. "Kwenye friji yangu yupo kirusi mwingine, ndugu yake kipasuo. Mamlaka walimkataa, wakasema ni mzembe. Anaua kidogo leo, kidogo kesho, mpaka miezi ipite. Sumu inatoka kwa vijiko badala ya ndoo. Nikimtia kwenye togwa ya msiba mmoja, kata zitamfikisha kila nyumba, njia ileile aliyopitia Mlinzi. Jumamosi ni arobaini ya mjomba wangu Otmari."

"Utawaambia wenyewe?"

"Hapana."

"Mwalimu!"

"Nikiwaambia, mmoja ataogopa, atapiga simu Mamlaka. Na wala hana kosa, sheria inamtaka apige. Magari ya kipasuo yatafika kabla kirusi wangu hajaanza kazi."

"Kwa hiyo tunawanywesha kiumbe watu wazima na akili zao, kimyakimya." Osmunda alikuwa amesimama tena. "Juzi tu ulituambia mtu haingiziwi kiumbe mwilini bila kukubali. Ulirudia mpaka tukachoka."

"Nilisema."

"Na huyo kirusi mpole, una uhakika naye? Hakuna atakayedhurika?"

Swali hilo Gaudensia alikuwa amelikimbia tangu aliposoma jibu la mashine. Alitazama dirishani, mvua ikiosha kioo.

"Mama yangu hana meno," alisema mwishoni. "Anakunywa togwa asubuhi, anakunywa jioni, ndiyo chakula chake. Moyo wake umepanuka, akipanda mlima mdogo tu midomo inakuwa ya buluu. Kama kuna mtu anaweza kushindwa hata na mpole, ni yeye. Nimepiga hesabu kila namna. Hesabu inanipa labda."

"Basi mwambie yeye, peke yake. Asinywe."

"Mama ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Akikataa togwa ya arobaini ya kaka yake, nani atainywa?"

Osmunda alivua lile koti la kuazima, akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

"Simu sitapiga," alisema. "Bibi yangu naye yupo kule. Lakini mtungi huo sikorogi, Mwalimu. Utakoroga mwenyewe."

*

Alikoroga mwenyewe. Alipika uji wa mahindi kwenye jiko la nyumbani kwake, akauacha upoe, akatia kimea, akatia togwa ya jana, na mwisho akatia kile kichupa kisichokuwa na rangi wala harufu. Mkono ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ndio uliomtisha.

Umatengo kulikuwa na ukungu. Milima yote ilikuwa imechimbwa mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo, mpaka juu, na majani yaliyofukiwa yalikuwa yakitoa ule mvuke wake wa baridi. Uani kwa marehemu watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima kanisani, wanaume upande wa kahawa, wanawake karibu na jiko. Padri alikuwa ameshamaliza misa na kuondoka. Gaudensia alishushiwa mitungi yake na vijana wa ukoo, wanawake wakapiga vigelegele vya kiasi, vya msibani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Gaude. Umekonda." Mama yake, Bi Desderia, alikuwa amekaa kwenye kigoda, shuka jeusi mabegani, miguu imevimba ndani ya soksi za sufu. Alimshika binti yake usoni kwa viganja viwili, kama anayekagua parachichi. "Chuo hakipiki?"

"Kinapika, Mama."

"Basi hawajui kupika."

Wanawake walicheka. Kresensia, wifi yake Gaudensia, mjane wa kaka yake, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka bonde la pili, alifunua mtungi akanusa. "Ee! Msomi hajasahau. Hii togwa, si mchezo." Akachota kata iliyojaa, akamkabidhi Gaudensia. "Haya, mleta kinywaji. Toa sumu."

Ndivyo ilivyo kwao. Anayeleta kinywaji kwenye kusanyiko hunywa wa kwanza mbele za watu, wote waone kwamba alicholeta anakimeza yeye mwenyewe. Kila mtu alinyamaza kumtazama, kwa adabu tu, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Alikuwa mtoto wao. Alikuwa ndiye waliyemchangia nauli ya kwenda shule.

Gaudensia akanywa. Ilikuwa tamu. Akaona koo za watu zikimeza pamoja naye, akaona wanavyotabasamu, na akatamani ardhi ya ngolo ifunguke.

Kresensia akaijaza kata tena. "Mkubwa wa ukoo," alisema, akampelekea Bi Desderia kwa mikono miwili.

Mama aliipokea. Akaipuliza kidogo, mazoea tu ya mtu asiye na meno, akainua. Midomo yake ilikuwa na ule ubuluu wa pembeni. Na hapo yote aliyojipangia Gaudensia, mashimo yote aliyoyafukia tangu Songea, yalifunuka kwa mara moja. Mkono wake ulitoka wenyewe, ukaikamata ile kata.

"Mama, usinywe."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Togwa ikachuruzika kwenye shuka jeusi. Hata wanaume wa upande wa kahawa wakageuka.

"Kuna nini humo?" mtu mmoja aliuliza.

"Hakuna... si sumu," Gaudensia alisema, na alipolitamka tu neno hilo aliona limeshaharibu. "Ni kirusi. Hapana, sikilizeni, si kirusi wa ugonjwa, ni wa kuua bakteria ambao..." Alikuwa amefundisha somo hilo nusu ya maisha yake na sasa hakuna neno lililokubali kutoka kama neno la binadamu. "Mmemnywa Mlinzi kwenye togwa miaka yote. Ameharibika."

"Ametia kitu," mwanamke alinong'ona nyuma. "Amesema mwenyewe."

"Arobaini ya mjomba wake!"

"Yesu na Maria!"

Kresensia aliurudisha mfuniko wa mtungi, akarudi nyuma hatua, akimtazama wifi yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja alisimama akishika fimbo yake katikati. Neno lenyewe, mchawi, halikuwa limetamkwa bado, lakini Gaudensia alilisikia likija, na kule mlimani neno hilo likishampata mtu halimwachi, wala watoto wake, wala kaburi lake.

Bi Desderia hakuiachia kata. Alimvuta Gaudensia chini kwa ukosi wa blauzi mpaka vichwa vikakaribiana.

"Hii ni ya nini?" aliuliza polepole. "Niambie mimi, kwa maneno ya kwetu."

"Kuna kitu tumboni mwetu sote, Mama. Kitawaua watoto. Hii inakitoa kidogo kidogo."

"Na mimi?"

"Wewe unacho kingi mno. Na moyo wako... huenda usihimili. Sijui. Kweli sijui, Mama."

"Na wasipoinywa?"

"Serikali italeta ya nguvu. Wazee wote..."

Mama aliitikia kwa kichwa, akiwa ameelewa. Macho yake yalikwenda kwa Kresensia, kwa yule mzee wa fimbo, kwa watoto wa ukoo waliokuwa wamekaa ukingoni mwa mkeka wakingoja vikombe vyao. Akautazama na mtungi. Kisha akamgeukia binti yake kwa hasira ya kweli, hasira ambayo Gaudensia hakuwa ameiona tangu utotoni.

"Ungeniuliza," alisema. "Hukuwa na simu? Ungeniuliza mimi, ningekubali. Nisingemwambia mtu."

"Nisamehe, Mama."

Bi Desderia akanyoosha mgongo. Alipofungua kinywa tena, sauti ilikuwa ile ya kuwaita watu shambani.

"Jamani, kaeni! Mnasimama nini? Huyu mwanangu kusoma kumemzidi. Kule hospitali walinikataza vitu vitamu, basi yeye amekuja na kidawa kwenye togwa cha kunipunguzia sukari, akaogopa nitapitiliza. Sasa anatuogofya wote na virusi vyake. Msomi akiogopa, anaogopa kwa maneno marefu!"

Mtu mmoja akacheka. Akafuata wa pili. Kresensia akashika kifua. "Gaude, wewe! Roho ilishanitoka!" Mzee wa fimbo akakaa, akilalamika kuhusu magoti yake. Na mbele ya macho yao wote Bi Desderia aliinua kata, akanywa bila kupumzika mpaka ikabaki mabaki ya kimea chini, akayaokota kwa kidole akayalamba.

"Tamu," alisema. "Mpeni Kresensia. Na watoto wapewe, wameganda."

Kata ikazunguka. Mitungi ikafunuliwa, kelele zikarudi, vyombo vikaanza kuletwa, ndoo ndogo, vibuyu, chupa za maji, kila nyumba na chake cha kuondokea. Gaudensia alikuwa bado amepiga magoti pale alipovutwa. Alikifunika kinywa kwa kiganja, kilio kisimtoke.

Mama alimtazama kwa pembe ya jicho, huku akitabasamu kwa waliompungia.

"Usilie hapa," alimwambia taratibu. "Ukilia, wataiacha."

Gaudensia akasimama, akachukua kata, akaenda kuwagawia watu.